Shajara ya Kizibo

12 Januari

Skripti imefika kurasa 24. Kwa hesabu ya watu wa filamu ukurasa mmoja ni kama dakika moja, kwa hivyo nina dakika 24 mkononi na pesa za dakika kumi. Jina ni Kizibo hadi nipate lingine zuri zaidi. Nikilikosa, basi ndilo hilo.

Hadithi ni ya Kayole, mwaka 2009. Mwaka huo mvua ilikataa, maji yakawa ya mgao Nairobi, na stima nayo ikafuata. Mimi nilikuwa darasa la nne. Kwetu watu hawakupiga foleni, mitungi ya plastiki ndiyo iliyopiga. Unauweka wako saa kumi alfajiri, unarudi kujilaza kidogo, nao unakusimamia. Kila mmoja ulikuwa na alama yake: kitambaa kwenye mpini, jina la baba watoto kwa rangi ya mafuta, gunzi la mahindi mahali pa kifuniko. Wetu ulikuwa umepoteza kifuniko siku nyingi, na mama alikuwa akikunja juala, ule mfuko mwembamba wa plastiki, na kuuziba nalo.

Mtoto wa miaka kumi habebi lita 20. Anaulaza mtungi chini, anaubingirisha kwa mguu hadi nyumbani. Sasa juala lichukuliwe na upepo. Mtungi umejaa, zamu imepita, nyuma kuna watu wanapiga kelele atoke, na mtungi usio na kizibo haubingirishiki. Filamu yangu ni hiyo tu. Kurasa nyingine sijui zilitoka wapi.

19 Januari

Nimeonana na mzee wangu wa kazi, mtayarishaji aliyenifundisha kuhariri nikiwa nimetoka chuoni na flashi moja mfukoni. Tulikaa Kenyatta Market, akaagiza nyama, akasoma skripti hadi mwisho kabla ya kunawa mikono. Hiyo ni heshima, naijua.

Alisema mambo mawili. Kwanza, mtoto na mtungi ni picha nzuri lakini ni nyembamba, niongeze wale wanaofunga mabomba usiku ili asubuhi maji yauzwe kwa lori. Pili, nisimalize. Niachie mahali ambapo mwenye pesa akiiona atasema haya, leta iliyobaki. "Filamu fupi ni kadi ya biashara," akasema huku akichovya ugali kwenye kachumbari. "Unampa mtu. Akikupigia, unampelekea filamu kamili."

Neno hilo kamili lilinisumbua ndani ya matatu hadi Umoja. Ya dakika mia ndiyo kamili. Ya dakika kumi basi ni nini, kiwete? Sijasikia mtu akimwambia mshairi kwamba utenzi wa beti mia tano ndilo shairi kamili, na tarbia ya beti nne ni ya kutafutia kazi.

Lakini sikumjibu. Amenipa kazi za harusi na ruracio, zile sherehe za mahari za Kikuyu, miaka minne mfululizo, na nyama alilipa yeye. Nilifika nyumbani nikaandika kurasa tatu za malori.

27 Januari

Nimeitazama tena Pumzi ya Wanuri Kahiu, mara ya nne mwezi huu, safari hii nikiwa nimezima sauti.

Kwa ambaye hajaiona: ni ya 2009, dakika 20 na ushei. Vita vya maji vimeshapiganwa, nje hakuna kinachoota, watu wanaishi ndani ya mji uliofungwa uitwao Maitu, neno la Kikuyu la mama. Jasho na mkojo vinachujwa vinywewe tena. Umeme unatoka kwa watu wanaokimbia juu ya mashine. Ndoto nazo zina vidonge vya kuzizuia. Asha, anayechezwa na Kudzani Moswela, anatunza makumbusho ya vitu vilivyokufa, hadi siku anapoletewa udongo usio na sumu. Anatia mbegu, mbegu inachipuka. Anaomba ruhusa ya kutoka, ananyimwa, anatoroka. Jangwani anaupanda mche, anaumwagia maji yake yote, kisha anauinamia kuukinga na jua hadi analala hapo hapo. Kamera inapanda juu, juu zaidi, na pale alipolala panakuwa na mti.

Bila sauti hupotezi karibu chochote. Maneno ni machache mno, na mengi yanapita kwenye skrini. Nimeandika hilo kwa kalamu nyekundu juu ya skripti yangu, ambayo mpaka jana ilikuwa na mama anayezungumza ukurasa mzima kuhusu serikali.

Lakini kilichonikesha usiku si hicho. Ni mpangilio wa kazi zake. Mimi, kama wenzangu wengi, nilidhani alianza na hii fupi, ikampandisha. Sivyo. Mwaka 2008 alikuwa ameshaongoza From a Whisper, filamu ndefu inayotokana na mlipuko wa ubalozi wa Marekani hapa mjini, 7 Agosti 1998, na mwaka uliofuata filamu hiyo ikazoa tuzo tano kwenye Africa Movie Academy Awards, ya mwongozaji bora ikiwemo. Kwa hivyo mtu aliyekuwa tayari na hiyo tunayoiita kamili, na tuzo juu ya kabati, ndiye aliyekaa akatengeneza ya dakika ishirini. Pesa za kuanzia zilitoka kwa Focus Features, kampuni ya filamu ya Marekani, kwenye mpango wao wa Africa First uliowapa waongozaji watano wa bara hili dola 10,000 kila mmoja watengeneze filamu fupi. Goethe-Institut na mfuko wa Changamoto wakatia mkono. Ilipigwa Afrika Kusini, na mwaka 2010 ikaonyeshwa kwenye tamasha la Sundance, Marekani. Mwaka ule ule wa 2009 alikuwa pia ametoa filamu ya maisha halisi juu ya Wangari Maathai, mama wa kupanda miti, For Our Land. Ukilijua hilo, ule mti wa mwisho unajua mbegu yake ilitoka wapi.

Halafu? Filamu ndefu iliyofuata, Rafiki, ilitoka 2018. Ya kwanza ya Kenya kuingia uteuzi rasmi wa tamasha la Cannes, Ufaransa. Nyumbani ilipigwa marufuku, hadi Septemba mahakama ilipoiachilia kwa siku saba na watu wakajipanga kwenye milango ya sinema. Kuanzia 2009 hadi 2018. Kama Pumzi ilikuwa kadi ya biashara, basi aliyepewa alikaa nayo mfukoni miaka tisa kabla ya kupiga simu.

Ninavyoona, Pumzi haingeweza kuwa ndefu hata angepewa mamilioni. Kwa dakika mia ungelazimika kueleza nani alianza vita, nani anatawala Maitu, Asha anampenda nani. Kwa dakika ishirini huelezi. Mtu anakuja na kiu yake, anaondoka na mti. Na malori yangu yale ni maelezo matupu.

Ninacho pia kihofu kidogo. Watasema nimeiga, maji ni maji. Lakini mwaka 2009 wakati dada huyu wa mji huu akimpimia Asha maji kwa matone, mimi nilikuwa Kayole nimekalia mtungi. Hilo sikuliiga kwa mtu.

Nimejua la kufanya. Sijui kama nitalifanya.

9 Februari

Pesa. Mkopo wa chama chetu cha akiba 250,000, akiba yangu ya kazi za harusi 90,000, shangazi na binamu kwa M-Pesa 72,000. Jumla shilingi 412,000. Kamera na lenzi tatu kwa siku tatu, taa mbili, jenereta, vyombo vya sauti, mtoto na mamake, watu tisa wa kazi, na chakula. Chakula nimekipa kiasi kikubwa kuliko taa. Nimeshakaa kwenye kazi za watu ambako chai ilichelewa, na nikaona watu wazima wakigombana juu ya kivuli.

Skripti sasa ni kurasa 18. Malori yamebaki. Nimejiambia nitayapiga tu, nione baadaye. Huo ni uoga, na nimeuwekea bajeti ya siku nzima.

16 Februari

Leseni imetoka. Karatasi nyingine ilinipeleka ofisi moja mara tano, na mara zote tano aliyetakiwa kutia sahihi alikuwa ametoka sasa hivi tu. Mara ya sita nilikwenda na mkate na kitabu nikakaa mlangoni. Alikuwa ndani.

Ploti, ua wenye vyumba vya kupanga, tumepata, karibu na nilipokulia. Keyateka, mwangalizi wake, ametaka shilingi elfu tatu na aonekane kwenye filamu. Ataonekana akipita.

Shida ilikuwa mitungi. Nilitaka foleni ya mitungi zaidi ya arobaini, na iwe mizee. Ukienda Gikomba kununua unapata ya manjano yote, misafi, yote sare kama wanafunzi wa bweni. Mtungi wa kweli umetoboka ukazibwa kwa plastiki iliyoyeyushwa, una kijani cha ukungu shingoni, mpini umefungwa kamba. Kwa hivyo nikaazima. Nimezunguka mlango kwa mlango siku mbili na daftari, nimeandika mwenye mtungi, nyumba, na alama. Mitungi 43.

Wa mwisho ni wa shosho, bibi mzee wa chumba cha kumi. Wa manjano, kipande cha leso nyekundu kwenye mpini, na ubavuni kidonda cheusi pale jiko lilipougusa. Aliutoa taratibu kama anayemtoa mtoto kwenda shule ya bweni. "Huu una miaka kuliko ndoa yako," akaniambia. Nikamwambia sijaolewa. "Ndiyo nasema," akajibu.

21 Februari

Leo ni habari ya juala, na sikutarajia kuiandika.

Mtunza vifaa wetu amekwenda kutafuta juala la 2009. Lile jembamba jeusi au la mistari ya samawati, lililokuwa likitundikwa kila duka, kila mti, kila senyenge kutoka hapa hadi Athi River. Hakupata hata moja. Marufuku ilianza 28 Agosti 2017, na adhabu ni faini ya kati ya milioni mbili na nne au kifungo cha hadi miaka minne. Kitu kilichokuwa kikizagaa mjini kuliko vumbi sasa ni cha makumbusho, kama mbegu ya Asha. Muuza nguo mmoja wa Eastleigh alimwambia anayo lakini hampi, maana hajui kama yeye ni polisi.

Tulijaribu mifuko ya kisasa ya kitambaa. Haikunjiki vizuri, na ikilowa inavuja. Kisha mtunza vifaa akakumbuka karatasi ya mkate. Ile ya kufungia bidhaa kiwandani haikuguswa na marufuku, imetapakaa kila duka, na ni nyepesi ile ile. Tukakata, tukafuta maandishi kwa kitambaa chenye spiriti, tukakunja mara nne, tukaingiza shingoni na kuzungusha. Inashika maji. Tukaipeperusha kwa upepo wa feni: inaruka kama juala lenyewe, na inatoa ule mkwaruzo wake. Nimeirekodi kwenye simu na kumpelekea fundi wa sauti. Amejibu kwa neno moja, "Hiyo."

6 hadi 8 Machi

Siku tatu, naandika zote pamoja kwa sababu sikulala.

Ijumaa ilikuwa ya malori. Lori moja la kukodi, waigizaji wawili wenye makoti, mazungumzo mengi. Kila kitu kilikwenda sawa. Ndiyo siku pekee niliyoangalia saa.

Jumamosi tulianza saa tisa usiku kupanga mitungi. Mtunza mfululizo, ambaye kazi yake ni kuhakikisha kilichokuwa kushoto kinabaki kushoto, alipiga picha kila futi ya foleni. Saa kumi na moja na nusu mwanga ule wa samawati niliokuwa nikiusubiri mwaka mzima ukaja, na mvua ikaja nao. Mwezi Machi, nani alaumiwe? Nilikuwa napiga filamu ya ukame na ardhi inameta kama sahani. Tulifunika kamera, tukakaa chini ya mabati saa mbili, mtoto akalala mapajani mwa mamake. Jua lilipotoka tukatafuta pande zilizokauka. Ndiyo maana picha nyingi za siku hiyo ni za karibu: miguu, shingo za mitungi, vidole. Mpiga picha anasema mvua imeongoza vizuri kuliko mimi.

Jumapili jenereta ikazimika katikati ya ile picha pana ya foleni. Petroli kwisha. Aliyehusika alisema alidhani imejazwa jana. Nikapiga kelele, jambo ambalo huwa sipendi kulifanya, nikamwambia mtu wa bodaboda achukue mtungi wowote ulio karibu akimbie kituoni. Kituo cha kwanza kilikataa kumtilia, cha pili kikakubali. Dakika arobaini. Tukaendelea.

Sasa kuhusu mtoto. Kwenye skripti, karatasi ikiruka, imeandikwa "analia". Teki ya kwanza alilia vizuri. Ya pili pia. Ya tatu nilimwambia asilie, afanye vile angefanya. Aliangalia karatasi ikienda hadi ikapotea. Akaangalia mtungi. Akaingiza kidole gumba kwenye shingo ya mtungi kukipima, kikapwaya. Akavua soksi ya shule, akaikamua kana kwamba tayari ilikuwa na maji, akaikunja na kuizibia. Kisha akauangusha mtungi chini kwa kishindo na kuanza kuubingirisha, mguu mmoja una soksi, mwingine hauna, na maji yanatoka kwa kudondoka, si kwa kumwagika. Hakuna aliyesema kata. Mpiga picha alimfuata kinyumenyume hadi mgongo wake ukagonga ukuta.

Soksi haimo kwenye skripti. Kurasa 18 zote na sikuifikiria.

9 Machi

Kurudisha mitungi na daftari. Watu waliokuwa wakitucheka jana leo kila mmoja anajua wake toka mbali. Mitungi 42. Wa shosho haupo.

Nimemnunulia mpya. Ameunusa, akanirudishia. "Huu ni wa mafuta ya kupikia," akasema. "Hata uusugue na mchanga mwaka mzima chai itanuka chipsi." Nimemwahidi nitautafuta.

11 Aprili

Mkato wa kwanza: dakika 21 na sekunde 10. Nimeutazama peke yangu na nikaona kazi nzuri yenye matumbo mawili.

Kuhariri yako mwenyewe ni kama kujinyoa kisogo. Nimemwita mwenzangu tunayegawana meza kazini, akakaa na soda. Hakusema neno hadi mwisho. Akaomba kipanya. Akachagua malori yote kwa pamoja, akayafuta, akabonyeza kucheza. Nikasubiri pengo. Nilikuwa na hakika patakuwa na mahali ambapo mtu atauliza kwa nini hakuna maji. Hapakuwa na mahali. Mtungi mtupu kwenye foleni saa kumi alfajiri unaeleza kila kitu. Shilingi 96,000 za Ijumaa sasa zimelala kwenye diski.

Baada ya kusafisha imebaki dakika 13 na sekunde 20 pamoja na majina. Sikuilenga hesabu hiyo, lakini inatufaa: shindano la filamu fupi la Cannes halipokei zaidi ya dakika 15, majina yakiwemo. Oscars wao huenda hadi 40. Si kwamba najipeleka huko. Mzee wangu alishanikumbusha Watu Wote, iliyopigwa hapa Kenya ikateuliwa kwa Oscar mwaka 2018, nami nikamkumbusha kwamba ile ilikuwa kazi ya mwisho ya chuo cha filamu cha Hamburg. Mwongozaji wake, Katja Benrath, alikuwa bado mwanafunzi. Nyuma yake kulikuwa na chuo. Nyuma yangu kuna chama.

Mtunza mfululizo ameona kosa. Ile picha pana ya foleni ina sehemu mbili, na kwenye ya pili kuna pengo upande wa kushoto, kana kwamba mtungi mmoja umeondoka. Nimemwambia hakuna mtazamaji atakayegundua.

2 Mei

Sauti. Fundi alikuja usiku na mtungi na bomba la bafuni kwangu, tukarekodi maji yakiingia mara kumi na moja. Maji yakianza, mlio ni mzito, kama mtu anayekoroma. Yanavyopanda unazidi kuwa mwembamba, hadi mwisho kabisa unapokuwa kama filimbi. Aliyekulia na mgao halitazami bomba. Anaendelea na porojo zake, akisikia filimbi anageuka.

Tumeuweka mlio huo chini ya filamu nzima, kutoka foleni ya kwanza. Husikii ukiambiwa usikilize, lakini unapanda. Juala linaporuka, unakatika ghafla. Muziki niliokuwa nimeulipia nusu nimeuacha.

20 Mei

Mzee wangu ameitazama ofisini kwake, milango imefungwa. Mwisho akakaa kimya kidogo.

"Malori yako wapi?"

Nikamwambia nimeyatoa.

Akaomba aone tena ile soksi. Akaiona. Akaiona tena. "Huyu mtoto," akasema, kisha akatafuta simu yake. "Ni nzuri. Lakini mwenye pesa atauliza malori. Ile kamili unaanza lini kuandika?"

Nilimwambia kwa sasa naandika nyingine, ya dakika tisa. Kweli naiandika. Ni ya keyateka. Ameshaniuliza mara mbili kama ile picha yake ya kupita imebaki.

Nimetuma kwa matamasha manne. Majibu ni ya miezi.

6 Juni

Tumeionyesha uani, pale pale kwenye ploti. Shuka jeupe kwenye kamba ya kuanikia, projekta ya kanisa la jirani, spika za DJ mmoja wa mtaa aliyekataa malipo lakini akataka jina lake lisemwe mara tatu. Watu kama themanini, watoto mbele chini. Mtoto wetu alikaa katikati ya darasa lake na soksi zote mbili.

Watu wa Kayole hawatazami filamu kimya. Kila mtungi uliopita uliitwa kwa jina la mwenyewe. Keyateka alipopita, alipigiwa makofi na yeye mwenyewe. Filimbi ya maji ilipofika juu nilisikia akina mama wawili wakisema kwa pamoja, "Umejaa." Soksi ilipotoka, ua mzima ukanyamaza, na nikagundua nimeshika mkono wa mtu nisiyemjua.

Baadaye, watu wakitawanyika, shosho wa chumba cha kumi akaniita kwa kidole. Alikuwa bado kwenye kiti chake.

"Ule ulikuwa wangu."

"Upi, shosho?"

"Rudisha."

Nikarudisha. Picha pana, foleni yote, jua la Jumapili. Akaniambia simamisha. Ukingoni kushoto, wa tano kutoka mwisho, leso nyekundu kwenye mpini.

"Hapa upo. Sasa peleka mbele."

Nikapeleka. Sehemu ya pili, pengo.

"Hapa haupo," akasema. "Kati ya hapa na hapa mlifanya nini?"

Nilisimama na rimoti mkononi. Kwenye filamu ni sekunde moja, hata haifiki. Siku ile ilikuwa dakika arobaini, nami nilikuwa nikipiga kelele.

"Tuliishiwa na petroli," nikasema.

Akanitazama. "Mkautia petroli."

"Mtu wa bodaboda alichukua uliokuwa karibu. Mimi ndiye niliyemwambia."

Hakusema kitu. Mtu wa spika alikuwa anakunja nyaya zake, akasimama, naye akisubiri. Kisha shosho akanyanyuka kidogo, akasogeza kiti mbele, karibu na shuka kiasi kwamba mwanga ulimpiga usoni.

"Rudisha pale ulipokuwa," akasema. "Na usimamishe."